Oili imezidi kwenye injini: niendeshe tu mpaka ipungue?

SWALI: Wiki iliyopita nilipeleka gari kumwaga oili. Kitabu cha gari kinasema injini inachukua lita 4.2 ukibadilisha na filta, lakini fundi alimimina galoni yote ya lita 5. Sasa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) inaonyesha oili imepita alama ya juu kwa karibu upana wa kidole. Nikiwasha asubuhi gari linatoa moshi wa buluu, na tangu jana nasikia kelele za kugongagonga juu ya injini. Fundi anasema bora oili izidi kuliko ipungue, na kwamba niendeshe tu, iliyozidi itaungua yenyewe. Taa ya oili haijawaka. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Na gari lisitoke lilipo mpaka hiyo iliyozidi itolewe.

Hilo neno "bora izidi" nalisikia karibu kila wiki na kila mara linaniuma, kwa sababu anayelisema ni mtu mwenye spana mkononi, na mwenye gari anaona hana la kumjibu. Msingi wake ni dhana kwamba injini inalowekwa kwenye oili kama nguo kwenye beseni, kwa hiyo ikiwa nyingi chuma kitalowa vizuri zaidi. Sivyo inavyofanya kazi. Oili inakaa chini kwenye sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Pampu inaifyonza, inaipitisha kwenye filta, inaisukuma kwa presha kwenye njia nyembamba hadi kwenye beringi za kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), kwenye kemshafti na tapeti (zinazofungua valvu), kisha inachuruzika kurudi chini. Kinachokinga chuma kisisagane na chuma ni ule utando mwembamba unaoletwa na presha. Pampu haileti zaidi eti kwa kuwa sampu imejaa zaidi.

Juu ya oili iliyo kwenye sampu kuna nafasi tupu, na nafasi hiyo imeachwa kwa makusudi. Ndipo kranki inapozungukia na vizito vyake. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kranki inazunguka mara 50 kila sekunde. Oili ikipanda hadi vizito viifikie, au ikirushwa juu yao unapokata kona na kufunga breki, inachapwa mpaka inatoa povu kama maji ya sabuni. Hapo ndipo madhara yanapoanzia. Oili haibonyei, hewa inabonyea. Pampu ikifyonza povu, presha inayumba, na beringi inayotegemea utando wa oili inapata viputo vya hewa. Tapeti za haidroli, zinazofanya kazi kwa presha ya oili, nazo zikiingiwa na hewa zinalegea na kuanza kugonga. Kelele unazosikia tangu jana inawezekana kabisa zinatoka hapo, na ndizo zinazonifanya nikwambie gari lisitembee.

Niliwahi kufungua injini ya mtu aliyeambiwa maneno hayohayo akayaamini kwa miezi. Dipstiki ilitoka na viputo vidogo vimeng'ang'ania chuma. Beringi za kranki, ambazo zikiwa nzima huwa na rangi moja ya kijivu, zilikuwa zimeliwa mpaka shaba ya ndani inaonekana, na ukipitisha ukucha unahisi mikwaruzo. Oili ilikuwa tele kwenye injini ile, na beringi zimekufa kwa kukosa oili.

Sasa hili la "itaungua yenyewe". Ni kweli, nyingine inaungua. Lakini kuungua huko ndiko uharibifu wenyewe! Kranki ikiichapa oili inajaza injini ukungu wa oili, ukungu unafuata njia ya mpumuo (mrija unaotoa hewa ndani ya injini) hadi kwenye mfumo wa kuvuta hewa, unaingia kwenye silinda, unachomwa. Moshi wako wa buluu ni huo. Kila unapotoka unaacha masizi kwenye plagi na kwenye ringi za pistoni, na fosforasi iliyomo kwenye oili inaua katalisti ya ekzosi (kifaa cha kusafisha moshi) taratibu. Njia ya mpumuo ikiziba kwa oili, presha ndani ya injini inapanda na kusukuma sili (mipira ya kuzuia oili isivuje), kisha unaanza kuona matone chini ya gari. Kwenye dizeli hali inaweza kuwa mbaya zaidi: injini ikivuta oili nyingi kupitia njia ya hewa inaifanya mafuta yake ya kuendeshea, inapanda resi yenyewe, na ukizima swichi haizimiki.

Taa nayo isikupe matumaini. Taa nyekundu ya oili inahusu presha, haihusu wingi, na inawaka presha ikiwa imeshuka sana. Mpaka uione, beringi zimeshateseka.

Cha kufanya ni kidogo. Simamisha gari mahali tambarare. Injini ikiwa imezimwa kwa dakika 10 hivi, futa dipstiki kwa kitambaa kikavu, irudishe mpaka mwisho, itoe tena, na usome ule upande unaoonyesha chini zaidi. (Baadhi ya magari hupimwa injini ikiwa baridi, fuata kitabu chako.) Oili ya ziada inatolewa kwa pampu ndogo ya mkono yenye mrija mwembamba unaopita kwenye tundu la dipstiki, au kwa kulegeza nati ya sampu, injini ikiwa imepoa. Usivute kwa mdomo, hata ukimwona fundi anafanya hivyo. Toa nusu lita, pima, toa tena kidogo. Kwenye magari mengi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo utaona haraka unakokwenda. Kama imepita alama kwa milimita moja au mbili, hilo halina shida. Upana wa kidole una shida. Uliza pia kama filta ilibadilishwa kweli, maana ile ya zamani ikiachwa na oili yake ndani, oili inazidi hata zaidi.

Kelele na moshi visipoisha baada ya hapo, injini ikaguliwe. Usikubali uuziwe "dawa ya moshi" wala oili nzito ya kuficha kelele. Vitu hivyo vinanyamazisha dalili wiki chache na kukuachia gharama ya kufungua injini.

Na wengine mnaosoma: oili ikipanda bila mtu kuongeza, hiyo ni hatari ya aina nyingine. Ikinuka petroli au dizeli, mafuta yanavuja kuingia kwenye sampu na kuifanya oili nyepesi. Ikiwa na rangi ya maziwa machafu, maji ya rejeta yameingia. Kuipunguza hakutibu lolote hapo. Injini ibaki imezimwa mpaka chanzo kipatikane.

Siku nyingine ukienda kumwaga oili, simama karibu. Kipimo cha kitabu kimiminwe kwa awamu, injini iwashwe kidogo ili filta ijae, izimwe, ipimwe mbele yako. Kwa galoni ya lita 5 na injini yako ya lita 4.2, kama lita 0.8 inatakiwa ibaki. Omba uione ikiwa bado kwenye galoni.