Tabo inavuja? Jua kwanza majimaji yanatoka wapi

Oili ikionekana kwenye tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kisukume hewa nyingi ndani ya injini), mwenye gari huambiwa hapo hapo kwamba tabo imekufa, atafute nyingine. Nimeshika magari ya tabo kwa muda mrefu, na ushauri wangu haujabadilika: usitoe hela ya tabo nyingine mpaka uone kwa macho yako majimaji yanapoanzia. Mara nyingi tabo imelowa tu, na kinachovuja ni kitu kingine kilicho juu yake.

Acha injini ipoe kabisa. Upande wa ekzosi wa tabo huwa na joto la mamia ya nyuzi, na kifuniko cha rejeta kikifunguliwa injini ikiwa ya moto, maji yanaruka na kuunguza. Ikishapoa, sugua eneo lote kwa brashi na dawa ya kuondoa grisi, likauke, halafu uwashe injini na kuchungulia kwa tochi na kioo kidogo. Usiangalie palipolowa zaidi. Oili hushuka chini, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma, kwa hiyo unachotafuta ni unyevu ulio juu kabisa na mbele kabisa. Nimeona gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, ikichuruzisha oili taratibu hadi mgongoni mwa tabo, na tabo ikabebeshwa lawama yote.

Kama tabo inapozwa kwa kulanti, yaani maji ya rejeta yenye dawa, uvujaji wake una alama zake. Kulanti ikivuja kidogo pale hukauka kwa joto kabla ya kudondoka, kwa hiyo chini hakuna tone hata moja lakini tanki la kulanti linapungua kila mara. Mulika bolti zinazoshikilia vibomba vya kulanti. Ukikuta ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti yenyewe umezunguka washa (kile kipete bapa kinachokaa chini ya kichwa cha bolti), umempata mwizi. Harufu yake ni tamu, lakini usiionje, ni sumu. Pampu ya kupima presha ya rejeta inasaidia sana hapa: ifunge kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwa baridi, jaza presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, kisha subiri uone panapotoa jasho. Washa hizo za shaba au aluminiamu hubonyea mara moja tu, kwa hiyo kila bolti ikifunguliwa ziwekwe mpya.

Oili inayopita ndani ya tabo ndiyo inayowachanganya watu wengi. Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Sili zake si za mpira; ni ringi ndogo za chuma, jamaa za ringi za pistoni, na haziwezi kuzuia oili iliyotuama. Oili huingia kwa presha ya pampu, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikishuka kwenye bomba la kurudishia hadi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana bomba la kurudi ni nene kuliko la kuingiza. Bomba hilo likiziba, likipindwa, au oili ikizidishwa kwenye sampu mpaka ikafunika mdomo wake, oili hurudi nyuma, hujaa kwenye tabo na kupenya sili. Tabo mpya nayo itavuja vile vile.

Kuna gari lililoletwa likiwa na tabo ya pili na bado linatoa moshi wa bluu. Tulipofungua bomba la kurudishia oili, silikoni iliyopakwa kwenye maungio badala ya gasketi ilikuwa imejiminya kwa ndani, imekauka, na kufunika karibu nusu ya tundu. Tuliisafisha, tukaweka gasketi inayostahili, na oili iliyobaki kwenye ekzosi ilipomaliza kuungua, moshi ukakata. Tabo haikuguswa.

Presha ndani ya injini nayo huzuia oili kushuka. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa imewashwa. Ikipuliza kwa nguvu, anza na bomba na valvu ya kupumulia injini kabla hujazifikiria ringi za pistoni. Eya klina iliyoziba haiachwi pia, maana tabo inayokosa hewa huvuta oili kupitia upande wake wa hewa.

Ukifungua bomba la kwenda intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo kwenda injini, ukakuta utando mwepesi wa oili, usiogope. Mvuke wa oili kutoka injini hupita huko katika magari mengi. Dimbwi ndilo tatizo. Likiwepo, shika ncha ya shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kwa upande ni kawaida, kwa sababu hakuna oili ya kuibeba wakati huo. Ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisi, au feni ikiwa imekwaruza ukuta wake, tabo imekwisha kweli, na bado lazima ujue kilichoiua kabla ya kufunga nyingine.

Kwa injini ya dizeli, dimbwi hilo ni hatari kubwa: injini inaweza kuanza kuinywa oili hiyo kama mafuta, ikapanda resi yenyewe na isizimike hata ukizima swichi. Usiiwashe mpaka intakula na mabomba yake yasafishwe. Na kwa gari la aina yoyote, oili inayodondokea upande wa ekzosi inaweza kuwaka moto. Gari hilo lisiendeshwe, livutwe mpaka kwa fundi.