Bendi yetu ni kelele tupu: tuvunje au tuendelee?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 16, naishi Umoja, Nairobi. Tuko wanne na hakuna anayetutaka kokote: watatu tulitolewa kwenye kwaya ya shule, na wa nne hata mpirani huchaguliwa mwisho. Tumeanzisha bendi ya roki. Tuna gita la umeme lililokatika uzi mwembamba, besi ya kuazima, na Jumamosi kanisa linaturuhusu kutumia dramu na spika zao. Tunajaribu kuiga bendi kubwa za ng'ambo na inatoka kelele tupu. Mpiga dramu hupotea kila wimbo. Wenzangu wanataka tumtoe, lakini ndiye aliyetukusanya. Tukifanya mazoezi nyumbani majirani wanalalamika, na binamu zangu wanasema roki si ya watu kama sisi. Tungoje kwanza tujue kupiga? – Mpiga Besi*

Marahaba, mwanangu. Msingoje, na rafiki yenu msimtoe. Kupiga ala mtu anaweza kujifunza peke yake chumbani, lakini kusikilizana hakuna anakokujifunza isipokuwa katikati ya wenzake. Kasoro yenu ya kwanza ni nyimbo mlizochagua. Wimbo wa kuigwa una asili yake masikioni mwa kila mtu, kwa hiyo kila mkikosea kila mmoja anajua. Tungeni wenu, mfupi, kwa maneno mnayoongea kila siku, hata kama ni Sheng'. Dakika mbili zinatosha.

Huo uzi uliokatika usiwazuie Jumamosi hii. Roki hupigwa sana kwa pawa kodi, yaani noti mbili zinazopigwa pamoja, na hizo zinakaa kwenye nyuzi nene. Mpiga gita aweke kidole cha shahada kwenye uzi wa sita, ule mnene kabisa, freti ya 3 (freti ni nafasi kati ya vile vyuma vya shingoni mwa gita), na kidole cha pete kwenye uzi wa tano, freti ya 5. Hiyo ni G. Umbo hilohilo la vidole akilishusha hadi uzi wa tano na wa nne, kuanzia freti ya 3, anapata C. Akilisogeza freti mbili mbele anapata D. Nyuzi zisizotumika azizime kwa kuzigusa kidogo tu kwa vidole, la sivyo zitavuma juu ya wimbo. Wewe wa besi kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani: nyuzi nne za besi zina majina sawa na nyuzi nne nene za gita, ila sauti yake iko chini zaidi. Weka kidole pale kilipo kidole chake cha shahada, uzi uleule, freti ileile. G, C na D, kila moja mapigo manane, na wimbo umeanza kusimama.

Kabla ya hapo linganisheni sauti za nyuzi kwa programu ya simu, nyote wawili, kila mnapoanza na tena baada ya nusu saa. Nyuzi mpya hulegea haraka. Kelele nyingi za bendi changa hutoka kwenye gita na besi zilizopishana kidogo tu, na watu wakadhani hawana kipaji.

Sasa rafiki yenu. Mchunguzeni anapotea wapi hasa. Naamini mtakuta ni pale anapojaribu kuzungusha mikono kwenye ngoma zote ili kumalizia ubeti: mikono inakimbia, na akirudi kwenye mdundo ameshaingia mapema. Kwa mwezi mzima asizungushe hata mara moja. Ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne; mguu upige moja na tatu, sneya, ile ngoma ndogo iliyo mbele yake, mbili na nne, na haihati, yale matoazi mawili yaliyobebana, mara mbili katika kila hesabu. Nyumbani afanye hivyo juu ya mto kwa metronomi ya simu, programu inayogonga mdundo usiobadilika, aanze na mapigo 70 kwa dakika, asipande hadi 75 mpaka amalize dakika tatu bila kuteleza. Na wewe, Mpiga Besi, acha kusimama karibu na mpiga gita. Simama kando ya dramu, utazame mguu wake, na noti yako iingie pamoja na huo mguu. Mara nyingi anayelaumiwa kwa kupotea ni yule aliyeachwa peke yake. Ukimshika hapo, wengine watawafuata nyinyi wawili.

Vita vya sauti vinakuja, kwa hiyo vizuieni mapema. Dramu haina kitufe cha kupunguza, basi yeye ndiye kipimo: besi ipande hadi isikike chini yake, kisha gita, kisha mwimbaji. Mwimbaji asipojisikia msimwongezee yeye, punguzeni gita. Maikrofoni isielekee spika hata kidogo, maana inameza sauti yake yenyewe na kuirudisha mpaka itoe ule mlio wa kuchoma masikio. Mwimbaji akikaza shingo, wimbo uko juu mno kwake. Sogezeni kila kitu freti mbili nyuma, kwani umbo la vidole halibadiliki. Huenda hata kwenye kwaya tatizo lilikuwa hilo. Nunueni vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa, nyote wanne. Masikio yakiharibika hayarudi.

Hapa nawasihi sana: gita la umeme na maikrofoni vikiwa kwenye umeme usio na waya wa ethi (ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja) unaofanya kazi, mwimbaji anaweza kupigwa shoti midomoni. Chomekeni vyote kwenye eksitensheni moja nzuri, kwenye soketi ambayo fundi amehakikisha ina ethi, na msikubali mtu akate ile pini ya tatu, ambayo ndiyo ya ethi, ili mvumo wa spika upungue. Besi nayo usiichomeke kwenye woofa ya sebuleni. Noti zake nzito zinapasua spika ambazo hazikutengenezewa kazi hiyo, na hapo utakuwa na deni nyumbani.

Majirani wana haki yao. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili, lakini dramu kamili kwenye fleti ya Umoja ni nyingi hata mchana. Mazoezi ya nyumbani yawe makavu: gita bila ampu (kikuza sauti chake), dramu juu ya mito, mwimbaji kwa sauti ya kuongea. Makosa yatasikika vizuri zaidi kuliko kanisani. Huko kanisani tandikeni zulia chini ya dramu, maana ngoma ya mguu huteleza mbele, na rudisheni kila kitufe cha miksa mlivyokikuta. Ruhusa kama hiyo hupotea kwa mambo madogo.

Kuhusu binamu zako: muziki huu uliundwa na Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe aliimba injili akipiga gita la umeme kabla roki haijapata jina, akafuata Chuck Berry. Na hapa Nairobi zimekuwepo bendi za roki kama Parking Lot Grass na Crystal Axis. Wasikilizeni wote, kisha mrudi kwenye wimbo wenu.

Jumamosi rekodini kwa simu, ikiwa nje ya mlango ili sauti isipasuke. Msikilize siku inayofuata, si palepale, na mchague jambo moja tu la kurekebisha wiki hiyo. Mkifikisha nyimbo tatu mnazoweza kupiga hadi mwisho bila kusimama, ombeni nafasi kwenye hafla ya vijana kanisani likizo ya Agosti. Siku hiyo bebeni nyuzi mbili nyembamba za akiba, fimbo za dramu jozi mbili na waya mmoja wa gita wa ziada, na rafiki yenu ndiye ahesabu nne za kuanzia.