Unauza mtandaoni na umechoka? Yaliyonikuta mimi

Mdogo wangu, umesema unauza mikoba Instagram peke yako, unatuma mpaka mikoani kwa "lipa mzigo ukifika", unajibu meseji hadi saa 8 usiku, na siku hizi simu ikilia tu moyo unakwenda mbio. Nimepita humo humo. Mimi nauza viatu vya kike, mzigo nachukua Kariakoo, huu mwaka wa sita.

Na kaka uliyemjibu kwamba huo ni uvivu, samahani, hapana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza hali hii, uchovu wa kazi unaoitwa "burnout", kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kuichukia kazi yako, na kazi yenyewe kuanza kukushinda. Zote nilikuwa nazo, ila ya tatu ndiyo iliyoniamsha. Usiku mmoja nafunga mizigo huku najibu meseji, nikabandika jina la mteja wa Mwanza kwenye boksi la mteja wa Dodoma. Mtu ana harusi Jumamosi, anafungua boksi anakuta ndala namba 41. Yeye anavaa 37! Viatu vyake vilifika Jumatatu. Nikarudisha hela, na pesa ya basi nikailipa mara mbili.

Baada ya hapo nilikaa nikapitia meseji za wiki nzima. Nyingi zilikuwa "bei?" na "mko wapi?" Yaani nilikuwa nakesha kwa maswali ambayo majibu yake yangekaa kwenye picha. Najua tumezoeshana "bei njoo inbox" eti washindani wasijue. Washindani gani, wakati tunachukua mzigo duka moja? Nikaandika bei, saizi zilizobaki na gharama ya kutuma juu ya kila picha. Waulizaji walipungua, wanunuzi wakabaki wale wale.

Mikoani natuma Jumanne na Ijumaa tu. Boda wa mjini anapita mara moja, saa 8 mchana. Ikifika saa 2 usiku, WhatsApp Business inajibu yenyewe: "Duka limefungwa, tunafungua kesho saa 3 asubuhi. Kama umeshalipia, oda yako ipo." Wiki ya kwanza nilikuwa nachungulia simu hata chooni. Wawili walinitukana, na mmoja alihama kweli. Huyo bado ananiuma, alikuwa akinunua pea tatu tatu.

Utaambiwa Kariakoo yenyewe ilizindua biashara ya saa 24 mwaka 2025. Sawa, kule watu wanapeana zamu. Wewe unampa nani zamu?

Desemba sijaiweza, nisikudanganye. Namchukua binti wa dada yangu afunge mizigo, namlipa kwa siku, na bado napitiliza. Ila simu ya biashara inalala sebuleni kwenye chaji, na simu yangu mwenyewe haina Instagram.

Wewe usianze na ratiba. Anza kwa kuondoa hiyo "lipa ukifika" ya mikoani, maana simu zako nyingi za usiku naona zinatoka hapo: basi limefika, mteja hapokei, konda anakupigia wewe. Chukua hata nauli ya mzigo kwanza. Asiyetaka kutoa nauli, mkoba wenyewe hakuwa anaununua.