Pima Mwanga Pale Mtoto Anapolala

Tangu mwaka uanze, vijana watatu wamenifuata karakanani kwangu Ngamiani, Tanga, kila mmoja na mchoro wa mashine ya kuokoa watoto wachanga. Wote watatu wana akili na nia njema. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukesha kwenye wodi ya watoto wachanga. Niliyowaambia nayaandika hapa, kwa ajili yao na kwa wewe uliyemaliza uhandisi na unaifikiria njia hii.

Mimi nilikuwa fundi mhandisi wa umeme kiwandani kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa mota na paneli. Siku moja jirani yangu, muuguzi, aliniomba nikaangalie taa za kutibu manjano ya watoto wachanga zilizokuwa zimelala stoo katika hospitali moja ya wilaya mkoani kwetu. Nilikuta taa saba. Tano zilikuwa zimekufa kwa vitu vidogo: fyuzi, plagi iliyoungua, feni iliyoganda kwa vumbi na chumvi ya bahari, taa za mirija zilizochoka na hazipatikani dukani kwetu. Baadaye nilisoma hesabu ya Lora Perry na Robert Malkin ya mwaka 2011: waliangalia vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Stoo ile ilikuwa mojawapo tu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujaunda kipya, omba ruhusa utengeneze kilichokufa. Kifaa kilichokufa kitakufundisha nini kinaua vifaa huku kwetu.

Niseme kidogo kuhusu manjano yenyewe, maana wengi huichanganya na homa ya manjano ya mbu, na hazihusiani kabisa. Chembe nyekundu za damu zikivunjika hutoa bilirubini, kitu cha rangi ya njano, na ini la mtoto mchanga bado halina nguvu ya kuiondoa yote. Ikizidi sana huingia ubongoni, na mtoto anaweza kufa, au akaishi akiwa kiziwi na mwili usiomtii. Mwanga wa buluu, wa mawimbi ya kama nanomita 460 hadi 490, hubadilisha umbo la bilirubini ndani ya ngozi ili itoke kwa mkojo na choo. Maana yake mwanga huu ni dawa, na dawa ina dozi. Kwa tiba kali, kipimo kinachotakiwa ni angalau maikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita, pale kwenye ngozi ya mtoto.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilizirudisha taa zile wodini, zimebadilishwa mirija, zinang'aa vizuri, na nilikuwa nimezipima kwa kipimo cha luksi. Luksi hupima mwanga jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huijali zaidi rangi ya kijani kuliko buluu. Kwa manjano kipimo hicho hakikufai. Nilipoazima kipimo sahihi, taa moja ilisoma 34 mezani kwangu. Nikaenda nayo wodini, nikapima saa nane za usiku kwenye godoro. Ilisoma 12.

Taa haikuwa na kosa lolote. Sista wa zamu alikuwa ameipandisha juu, kwa sababu mwanga wa buluu unamuumiza kichwa, na chini yake hawezi kuona kama midomo ya mtoto imebadilika rangi. Watoto walikuwa wawili kwenye kitanda kimoja, kila mmoja akipata ukingo wa mwanga. Na juu ya mmoja kulikuwa na khanga.

"Shikamoo bibi," nilimwambia mama mzee aliyekaa kando.

"Marahaba, mwanangu."

"Naona mtoto amefunikwa."

"Mtoto wa siku tatu alale uchi, baba? Na upepo huu wa bahari?"

Bibi alikuwa na hoja. Joto la mtoto mchanga linatakiwa kukaa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na baridi huua mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati, haraka kuliko manjano. Nilikuwa nimeleta dawa ambayo ili ifanye kazi ni lazima mtoto avuliwe nguo, bila kujiuliza atapata wapi joto. Usiku ule ndio ulioandika orodha ya mahitaji ya taa yangu mwenyewe, niliyoiunda baadaye: mkono usioweza kupanda kupita alama, swichi ya kugeuza mwanga kuwa mweupe sista anapotafuta mshipa, kitanda chembamba cha mtoto mmoja, na kuta za pembeni za kuzuia upepo. Suala la kitanda chembamba sikulibuni mimi. Design that Matters ya Marekani na MTTS ya Vietnam walikwisha kufanya hivyo kwenye kifaa chao cha Firefly. Iga bila aibu na useme umeiga.

Tena tiba yenyewe ilizaliwa kwenye jicho la muuguzi. Katika hospitali ya Rochford, Uingereza, miaka ya 1950, Sista Jean Ward alikuwa akiwatoa njiti nje wapate jua. Akaona kwa mtoto mmoja kwamba ngozi iliyopigwa na jua imepoteza umanjano, na sehemu iliyofunikwa na pembe ya shuka imebaki njano. Daktari Cremer na wenzake wakachapisha utafiti wao mwaka 1958. Kila ninapoiona khanga juu ya mtoto namkumbuka Sista Ward na ile pembe ya shuka.

Vifaa vya kuundia nitavipitia upesi. Wodini watafuta kila kitu kwa spiriti, na spiriti hupasua plastiki ya akriliki nyufa nyembamba nyeupe zinazokula mwanga; tumia polikaboneti. Feni huvuta chumvi ndani, kwa hiyo poza LED kwa bamba la alumini. Paka saketi vanishi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo hufa kwanza. Iwe ya aina inayopatikana mjini hapa. Na kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-2-50, kinachohusu taa hizi hasa, kisome kabla hujachora mstari wa kwanza. Nenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mapema ukaulize usajili unataka nini. Mtoto yeyote asilazwe chini ya kifaa cha majaribio bila kibali cha maadili ya utafiti. Ukiambiwa kuna njia ya mkato, kataa.

Kuhusu fedha nina maumivu yangu. Niliuza taa za kwanza kwa bei ya chini mno kwa sababu nilipenda neno "nafuu". Kisha moja ikaharibika Lushoto, kwa swichi ya shilingi elfu chache, na nauli ya kwenda na kurudi ikala faida yote ya taa ile. Bei nafuu ni ile ambayo ndani yake kuna vipuri, kuna mafunzo kwa fundi vifaa tiba wa hospitali, na kuna nauli yako. Ukiuza chini ya hapo, kifaa chako nacho kitaishia stoo. Sikuacha mshahara kwa siku moja, pia. Mwaka mzima niliendelea kusuka mota za watu jioni, na nilikaa na mwenzangu nyumbani tukapanga ada za watoto kwanza. Tuzo na picha za magazetini zisikupoteze. Ile inkubeta (sanduku la kumpa joto njiti) ya NeoNurture, iliyoundwa kwa vipuri vya gari, ilisifiwa sana mwaka 2010, lakini haikupata kiwanda cha kuizalisha.

Kuna wakati jibu si mashine. Kijana wa kwanza alikuja na inkubeta. Nilimweleza habari ya kangaroo, iliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970: njiti kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, kwa watoto wa gramu 1,000 hadi 1,799. Walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Sasa kinachokosekana ni kitanda na kiti cha mama ndani ya wodi ya watoto mahututi. Kijana alisikitika kidogo. Nami nilisikitika naye, kwa sababu mchoro ulikuwa mzuri. Lakini nchi yetu, kwa takwimu za utafiti wa afya wa 2022, inapoteza watoto wachanga 24 katika kila vizazi hai 1,000, na lengo la 2030 ni 12 au chini. Sina moyo wa kumwacha mtu mwenye kipaji atumie miaka mitatu mahali pasipohitajika.

Yule wa tatu nilimwomba jambo moja: apate barua ya mganga mfawidhi, akae wodini usiku nne, asipige picha, asiguse kitu, aandike tu nani anafanya nini kwa mikono yake. Alirudi wiki iliyopita. Mchoro wake hakuutaja. Alikuwa ameandika kwamba sista akitafuta mshipa wa njiti usiku, mama ndiye humshikia simu yenye tochi. Akaniuliza: mama akiwa bado chumba cha upasuaji, tochi anaishika nani?