Mkataba Kwanza, Mbuzi Baadaye

Wiki iliyopita nikitoka mazoezi ya mpira wa kikapu Lugogo, hapa Kampala, kijana mmoja mwenye mkono mtamu wa pointi tatu alinivuta kando akanionyesha simu. "Kaka, nimepata timu Ulaya." Nilifurahi hata nikamkumbatia. Nikaomba kuuona mkataba. Alikuwa na ukurasa mmoja tu, ule wa mwisho wa kuweka sahihi. Kurasa nyingine, akasema, wakala atazileta baadaye. Na mama yake keshanunua mbuzi wa kumuagia.

Huyo ni wa nne mwaka huu. Tangu Silverbacks, timu yetu ya taifa ya Uganda, wafike robo fainali ya AfroBasket, kombe la mataifa ya Afrika, kule Kigali 2021, na klabu ya City Oilers wakacheze BAL, ligi ya klabu za Afrika, jijini Cairo 2023, simu za mawakala zimeongezeka, nami nashukuru. Lakini wadogo zangu, mnanitia uchungu mnavyoingia shimo lile lile nililotoka mimi.

1. Mbuzi asitangulie mkataba.

Wangu alitangulia. Nilikulia kambini Mbuya, baba yangu sajini, na Kiswahili ndicho tulichogombania ribaundi, ile mipira inayodunda ikikosa goli, chini ya goli lisilo na wavu. Niliposema nimeitwa na klabu ya nchi moja ya Balkani, kambi nzima ilijua kabla jua halijatua. Kina mama walichanga. Afande mmoja mstaafu akanipa koti lake zito. Siku tatu kabla ya safari mkataba ukaingia kwenye simu, kurasa 11, na wakala akasema sahihi inatakiwa usiku ule ule, wapo wawili wanaoivizia nafasi hiyo. Niliangalia mstari wa mshahara tu: yuro 1,200 kwa mwezi. Nikachapisha ukurasa wa mwisho kwenye duka la fotokopi pale Wandegeya, nikauweka juu ya kiti cha bodaboda, nikasaini, nikaupiga picha, nikatuma.

Kusoma nilijua. Nilichoogopa ni kukuta neno la kunizuia, na mbuzi alishafungwa kwenye mwembe nyuma ya nyumba yetu.

Neno lenyewe lilikuwa kwenye kifungu cha saba: klabu ina haki ya kuvunja mkataba ndani ya siku 14 tangu mchezaji afike, bila malipo, na tiketi ya kurudi ni juu ya mchezaji. Nilicheza mechi tatu za kirafiki, nikajituma kila mpira. Siku ya 13 meneja alinisubiri kwenye korido ya chumba cha kufulia, bahasha mkononi. Ndani mlikuwa na tiketi ya basi la kwenda mji mkuu. Mguu wa mchezaji wao Mmarekani, niliyekuwa nimeshika nafasi yake, ulikuwa umepona. Aliniomba jezi ya mazoezi niliyokuwa nimevaa, nikaivua pale pale, ikiwa bado imelowa jasho.

Hapo ningerudi nyumbani. Sikurudi. Nilikaa miezi miwili chumba kimoja na mafundi wanne wa ujenzi, nikibeba saruji, na kila Jumapili nikimpigia mama kumwambia tumeshinda. Baba akachukua simu akauliza, "Umepata ribaundi ngapi?" Nikasema tisa. Akaenda kuwatangazia wenzake kantini. Klabu ile ilinidhulumu, ndiyo, lakini zile ribaundi tisa nilizitunga mimi, na zimeniuma kuliko mshahara ambao sikuuona. Niliposhuka Entebbe hatimaye, mzee hakuuliza chochote hadi tumefika nyumbani. Ndipo akasema, "Ungerudi siku ile ile, mwanangu. Chakula kilikuwepo."

Basi someni kila ukurasa. Kiingereza cha mkataba kikiwa kigumu, mtafuteni mtu wa sheria. Tafuteni maneno ya majaribio, ya vipimo vya afya, ya tiketi, na kama mshahara uliotajwa ni kabla ya kodi au baada yake.

2. Kifungu cha BAT. Hiki ndicho mawakala wa mitaani hawakitaji. BAT ni baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu, limeanzishwa na FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huu, makao yake Geneva. Klabu isipokulipa, unapeleka kesi huko badala ya mahakama ya mji wao. Mwamuzi ni mmoja, lugha ni Kiingereza, na anaamua kwa haki na usawa. Klabu ikikaidi uamuzi, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji. Lakini mlango huo haufunguki mpaka mkataba wenyewe uutaje. Wangu haukuutaja.

3. Wakala anayekudai pesa kabla hujasaini mwache aende zake, na jina la kila wakala lihakikishe kwenye orodha ya FIBA ya wenye leseni.

4. Jueni mnakwenda kucheza namba gani. Mtu wa mita 1.98 hapa kwetu tunamweka chini ya goli, anawasukuma wapinzani kwa mgongo tangu sekondari, tunamshangilia. Kule ni winga, mchezaji wa pembeni. Rafiki yangu mmoja, bingwa wa ribaundi hapa nyumbani, aliambiwa siku ya kwanza amkabe mtoto wa miaka 19 mwenye kasi nje kabisa, mita 6.75 kutoka golini, na miguu ikakataa. Hakukosa juhudi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kusogea kwa ubavu. Akirudi likizo sasa utamkuta kwenye uwanja wa YMCA asubuhi na mapema, peke yake, akiteleza huku na huku kwenye mstari, na wadogo wanamcheka. Msimcheke. Jiungeni naye.

5. Tuma video ya mechi nzima, na mechi mliyofungwa iwemo. Kocha anataka kuona unavyorudi kukaba baada ya kupoteza mpira. Viza ya utalii si ruhusa ya kazi. Na aliye chini ya miaka 18 asidanganywe, uhamisho wa kimataifa kwa umri huo FIBA inaukataza isipokuwa kwa sababu maalumu.

Yule kijana nilimwambia amwombe wakala kurasa zote. Jana amenitumia: tisa. Tumesoma nne kwa simu, usiku, mpaka chaji ikamwishia. Mama yake amekubali mbuzi aendelee kula majani. Jumamosi saa nne asubuhi tunamalizia zilizobaki kwenye ngazi za Lugogo, na mwingine mwenye mkataba mfukoni aje nao, wote, si ukurasa wa mwisho.