Mashine haitetemeki mpaka uiambie

Mwanangu,

Uliniuliza kwenye simu: ikiwa programu moja inaiga mkaa, wino na rangi ya mafuta, chombo kina umuhimu gani tena? Hisia za mchoraji si zinatosha? Nilikujibu kwa haraka, na jibu lile halijaniridhisha.

Nilichora kwa mkaa miaka mingi kabla ya kushika tableti. Mkaa ukiufuta hauondoki wote. Karatasi inabaki na kivuli, na kivuli hicho nacho kinaingia kwenye picha. Kwenye tableti natendua mara hamsini na pako peupe kama sijagusa. Mwanzoni nilifurahi sana. Kisha nikachora uso wa babu yako, nikaona mistari imenyooka, safi, na babu hayumo.

Usidhani naidharau kompyuta. Vera Molnár, mchoraji mzaliwa wa Hungaria, alianza kuitumia Paris mwaka 1968. Mama yake alikuwa akimwandikia kila wiki, na mwandiko wake ulianza mstari kwa utulivu, ukazidi kuhangaika kadiri ulivyosogea kulia. Miaka ya 1980 Molnár aliuiga mwandiko ule kwa kompyuta. Hakuna neno linalosomeka humo, ni mikwaruzo mitupu: kushoto imetulia, kulia imevurugika. Mimi nikiitazama koo linanikaba.

Fikiria alivyofanya kazi. Mkono hutetemeka wenyewe, mashine haitetemeki mpaka uiambie itetemeke wapi na kwa kiasi gani. Ilimbidi aujue mwandiko wa mama yake kwa kipimo, pale ambapo mimi ningeubahatisha tu. Huko kubanwa na chombo ndiko kulikoleta picha ile, na kwa mkaa isingepatikana.

Sasa picha yako. Nimelikuza lile jicho mpaka pikseli zikaonekana. Nywele za ile brashi ya mafuta zinajirudia, mkwaruzo uleule mara tatu, kama muhuri. Hapo programu inajifanya kitu kingine, nawe umeiachia. Lakini karibu na sikio umeacha vijisanduku vya pikseli bila kuvilainisha, na ngozi pale inaonekana kama inavunjika. Niliganda hapo muda mrefu. Ulikusudia?

Nitumie faili lenyewe, matabaka yote uliyoyapanga moja juu ya jingine, hata yale uliyoyazima yasionekane. Nataka kuona ulichokificha chini ya sikio.

Mama yako