Kabla ya kuuliza bei, uliza betri

Maswali ya juma hili karibu yote yanahusu betri. Ndivyo ipasavyo, maana ndicho kifaa cha bei kubwa kuliko vyote ndani ya gari la umeme.

Nimepata Nissan Leaf ya 2012 iliyotumika Japani, bei nafuu, kilomita chache. Nichukue? – Mombasa

Ndugu yangu, kilomita ziweke kando kwanza. Washa gari, tazama kulia kwenye dashibodi: kuna vipande 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Usivichanganye na vya chaji vilivyo jirani. Chaji hurudi ukichomeka, afya hairudi. Betri ya Leaf hiyo, yenye uwezo wa kWh 24, haina maji ya kuipoza, na joto ndilo linalozeesha seli za lithiamu, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mwaka 2012 wenye Leaf kule Arizona, Marekani, walilalamika kwamba vipande vyao vinapotea upesi. Pwani hakuna jangwa, lakini hakuna kipupwe cha kuipumzisha betri pia.

Likiwa jipya, vipimo vya Marekani vilionyesha kama kilomita 117 kwa chaji moja. Vikibaki vipande 8, theluthi hivi imekwisha, na Malindi hufiki bila kuchaji njiani. Kwa hali hiyo mimi nisingenunua. Tafuta lenye betri inayopozwa kwa kimiminika, hata ikibidi kusubiri mwaka.

Mbona chaja ya haraka huwa goigoi baada ya asilimia 80?

Ukichaji, lithiamu hujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti, kaboni iliyo upande mmoja wa kila seli. Nafasi zikipungua, ukiisukuma kwa nguvu hugandama juu kama metali, betri ikapoteza uwezo na hata kuhatarisha shoti. Kompyuta ya betri hupunguza mkondo kwa makusudi. Kama safari si ndefu, chomoa uondoke.

Nikishuka mlima wa Kitonga betri inaongezeka kweli? – Iringa

Inaongezeka. Magurudumu huizungusha mota, nayo ikawa jenereta. Ila usianze kushuka ikiwa imejaa pomoni, maana umeme huo hauna pa kwenda na mzigo wote utaziangukia breki za kawaida.

Sisi tunachimba kobalti, madini ya betri, na betri zisizo nayo zinakuja. Sisi tutabaki na nini? – Kolwezi

Swali hili nimekaa nalo siku kadhaa. Betri za lithiamu, chuma na fosfati hazina kobalti wala nikeli. Kemia hiyo ilitoka maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, miaka ya 1990. BYD, kampuni ya magari ya China, huitumia katika betri yake iitwayo Blade, iliyotoka mwaka 2020. Kwa kila kilo hubeba umeme mdogo zaidi, lakini hustahimili joto na kuchajiwa mara nyingi, kwa hiyo kwa nchi zetu naipendelea. Najua ni jibu chungu kwenu, kwa kuwa Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Lakini chini ya ardhi hiyohiyo mna shaba. Nyaya za mota, kebo nene za betri, waya za chaja: kwa kawaida ni shaba, kemia ya betri iwe yoyote ile, na gari la umeme huila kwa wingi kuliko la petroli.